Feng Shanshan na hesabu ya miaka 11

Kwa mtu wa Kariakoo au wa Eastleigh, Guangzhou ni mji wa mzigo. Ndiko zinakotoka simu, mapazia, taa za ukumbini na viatu vinavyouzwa kwa boksi. Nami nilikwenda kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2018, nikimsindikiza dada yangu aliyekuwa anafuata vitambaa vya nguo za harusi. Jioni moja tukirudi kutoka kwenye maghala, teksi yetu ilikwama kwenye foleni kando ya kiwanja kilichozungushiwa wavu mrefu, wa kimo cha nyumba ya ghorofa nne hivi. Taa zilikuwa zimewashwa, na watu wamesimama kwa mstari wakipiga mipira myeupe kuelekea gizani. Karibu kabisa na barabara alikuwepo binti wa kama miaka kumi. Nyuma yake mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, taulo begani, kikapu cha mipira miguuni. Binti anapiga, anageuka kumtazama mama, mama anaitikia kwa kichwa, binti anainama kuchukua mpira mwingine. Nilihesabu mipira kumi na minne kabla foleni haijasogea.

"Mdogo wangu, huu si ndio ule mchezo wa mabosi?" dada aliniuliza.

Nikamwambia mji huu ndio uliomzaa Feng Shanshan, mwanamke ambaye mpaka miezi michache nyuma alikuwa namba moja wa dunia katika gofu. Jina hilo hakuwahi kulisikia.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata kuhusu Feng, na kila nikimaliza nabaki na dukuduku lile lile. Wanaomsifu wanahesabu makombe: mataji 10 ya LPGA (chama cha wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa Marekani), medali ya shaba ya Olimpiki, wiki 23 za kuwa juu ya dunia nzima. Wanaomkosoa wanahesabu pengo: kwamba nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja ilikaa miaka 11 baada ya ushindi wake mkubwa wa kwanza bila mwanamke mwingine wa kuufikia, basi mlango alioufungua haukuwa mlango. Naona pande zote mbili zimeshika kipimo kisicho chake. Mtu aliyetangulia kupita mahali hapimwi kwa alichobeba mkononi tu. Apimwe kwa umri wa mtoto: yule aliyekuwa darasa la tatu siku njia ilipofunguka, anahitaji miaka mingapi mpaka aipite kwa miguu yake? Ukiifanya hesabu hiyo, Feng anakuwa mtu mwingine kabisa.

Tuanze na ardhi alimozaliwa, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka.

Gofu ilikuwa na jina baya China. Baada ya mapinduzi ya 1949 ulihesabiwa kuwa mchezo wa mabepari na wageni, na viwanja vilivyokuwepo vikapewa kazi nyingine. Kule Shanghai, uwanja waliokuwa wakichezea Wazungu uligeuzwa bustani, kisha bustani ya wanyama. Mpaka leo familia za mji ule huwapeleka watoto kutazama tembo mahali palipokuwa na mashimo ya gofu. Uwanja wa kwanza wa zama hizi ulifunguliwa mwaka 1984 huko Zhongshan, mkoa wa Guangdong, ukiwa umechorwa na Arnold Palmer, gwiji wa Marekani. Feng alizaliwa Guangzhou, mkoa huo huo, tarehe 5 Agosti 1989. Kati ya uwanja wa kwanza wa nchi na mtoto huyu ni miaka mitano tu. Hapakuwa na shangazi aliyewahi kucheza, wala kocha mzee aliyekulia kwenye mchezo, wala hadithi ya mabingwa wa zamani ya kusimuliwa kabla ya kulala. Palikuwa na baba tu, aliyefanya kazi katika chama cha gofu cha mji, na aliyemkabidhi binti yake fimbo akiwa na miaka 10.

Watu wakisikia bingwa wa China, picha inayowajia ni ya shule za michezo za serikali: mtoto anachaguliwa akiwa mdogo, analala bwenini, anaamka alfajiri, miaka kumi baadaye yuko jukwaani na dhahabu shingoni. Ndivyo ilivyo kwa kuruka majini, kunyanyua vyuma, tenisi ya meza. Lakini mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya medali za Olimpiki, na gofu haikuwepo Olimpiki tangu mwaka 1904. Ilirudishwa kwa kura ya Oktoba 2009, ichezwe Rio 2016. Kwa hiyo Feng alipokuwa mtoto, serikali haikuwa na sababu ya kutumia fedha kwa mtu kama yeye. Mara nyingi analinganishwa na Li Na wa tenisi, aliyetwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 2011. Ulinganisho huo una kasoro moja. Li Na alilelewa na mfumo wa serikali, akaruhusiwa kutoka nje yake mwishoni mwa 2008, na ujasiri wake ulikuwa wa kutoka. Feng hakuwa na mfumo wa kutoka. Ujasiri wake ulikuwa wa kwenda mahali ambapo nyuma hapakuwa na mtu wa kumrudisha.

Akiwa na miaka 17 alipanda ndege kwenda Hilton Head, jimbo la South Carolina, kwenye chuo cha vijana wa gofu. Huko alifundishwa na Gary Gilchrist, kocha mwenye asili ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2007 aliingia kwenye mchujo wa LPGA, akafaulu kwa mara ya kwanza tu aliyojaribu. Mwaka 2008 akawa mchezaji wa kwanza kutoka China bara kuwa mwanachama.

Na hapa kuna jambo ambalo makala nyingi huliruka, nami sitaki kuliruka. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo wa kwanza wake, LPGA ilitangaza kwamba kuanzia mwishoni mwa 2009 mchezaji atapimwa Kiingereza cha kuzungumza, na asiyefaulu anaweza kusimamishwa. Sababu waliyoitoa ni wadhamini na televisheni. Wakati ule wanawake kutoka Asia, hasa Korea Kusini, walikuwa wamejaa kwenye orodha za washindi, kwa hiyo kila mtu alijua sharti linamlenga nani. Kelele zilipanda, wadhamini wenyewe wakaona aibu, na kabla wiki ya pili ya Septemba haijaanza tangazo lilikuwa limeondolewa.

Sisi wa Kiswahili tunaujua uchungu huu hata kama hatujawahi kushika fimbo ya gofu. Tunajua ilivyo kukaa mbele ya mtu anayepima akili yako kwa lugha ambayo hukunyonya nayo. Binti wa miaka 19, mbali na kwao, ndiyo kwanza amepata kadi ya kazi, anasikia kwamba kadi hiyo inaweza kutegemea ulimi wake kuliko mikono yake. Feng baadaye alikizungumza Kiingereza vizuri, akawa mmoja wa wachezaji ambao waandishi walifurahia kuzungumza nao, mwenye mzaha na asiyejikweza. Marafiki kwenye mashindano walimwita Jenny. Lakini hilo lilikuwa jambo lake mwenyewe, na halikupaswa kamwe kuwa sharti.

Miaka minne ya kwanza ilikuwa ya kutafuta riziki. Alishinda Japani, ambako mashindano ya wanawake yana nguvu na watazamaji wengi, lakini Marekani hakuwa na taji hata moja alipofika Pittsford, karibu na mji wa Rochester, jimbo la New York, Juni 2012. Yalikuwa mashindano ya ubingwa wa LPGA, moja ya mashindano manne makubwa ya wanawake wakati ule. Siku ya mwisho, tarehe 10 Juni, alianza akiwa nyuma kwa mikwaju mitatu. Alipiga raundi ya mikwaju 67 kwenye uwanja ambao wengi uliwatoa jasho, akamaliza mikwaju 6 chini ya kiwango cha uwanja (kwenye gofu anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi) na kushinda kwa tofauti ya mikwaju miwili. Nyuma yake walilingana wanne, wakiwemo Suzann Pettersen wa Norway na Stacy Lewis wa Marekani. Mshike Lewis, tutakutana naye tena.

Hakuna Mchina yeyote kabla yake, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kutwaa taji kubwa la gofu.

Zawadi yake ilikuwa dola 375,000. Wiki moja baadaye Webb Simpson alishinda mashindano ya wazi ya Marekani ya wanaume na kupewa dola milioni 1.44. Miezi miwili baadaye, Agosti 2012, klabu ya Augusta, ambayo ndiyo inayoandaa Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu ya wanaume, ilitangaza kuwapokea wanachama wake wa kwanza wanawake, Condoleezza Rice na Darla Moore. Nayaweka haya pamoja kwa sababu yote ni ya majira hayo hayo. Dunia ambayo Feng aliingia na kombe mkononi ndiyo hiyo: mwanamke analipwa kama robo ya mwanamume, na klabu maarufu kuliko zote ndiyo kwanza inawafungulia wanawake kitabu cha wanachama.

Kuna jambo jingine la mwaka uliofuata ambalo mpaka leo linanikera. Aprili 2013, mvulana wa miaka 14, Guan Tianlang, naye wa Guangzhou, alicheza Masters akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kucheza, akavuka mchujo wa katikati na kumaliza wa 58. Lilikuwa jambo la ajabu kwa mtoto, na alistahili pongezi zote. Ila magazeti na televisheni ziliandika na kutangaza kana kwamba mchana huo ndipo gofu ya China ilipozaliwa. Miezi kumi kabla yake mwanamke wa mji ule ule alikuwa ameshinda taji kubwa, hakumaliza wa 58, alimaliza wa kwanza. Nimeyatafuta yaliyoandikwa kuhusu wawili hao, na sijapata sababu nyingine ya tofauti ile ya kelele isipokuwa kwamba mmoja alikuwa mvulana kwenye mchezo wa wanaume.

Feng mwenyewe alijibu uwanjani. Oktoba 2013 LPGA ilikwenda Beijing. Ilikuwa mara ya kwanza Wachina wengi kumwona bingwa wao kwa macho, kwenye nyasi za kwao, siyo kwenye simu usiku wa manane. Ukafika mpambano wa watu wawili: yeye na Stacy Lewis, ambaye mwaka ule alikuwa ameshika namba moja ya dunia. Shimo la mwisho ni la mikwaju mitano kwa kiwango. Feng alilimaliza kwa mikwaju mitatu, akashinda kwa mkwaju mmoja.

Anayecheza gofu anajua uzito wa mikwaju mitatu kwenye shimo la mitano, tena la mwisho. Asiyecheza achukulie hivi: ni kama penalti ya dakika ya mwisho, ila hapigi mara moja. Anapiga, anatembea mita mia mbili na zaidi akiwaza, anapiga tena, anatembea tena huku maelfu wa nchi yake wamenyamaza, halafu anasogeza mpira shimoni. Kutembea kule ndiko kunakowavunja wengi. Kwenye mpira wa miguu mwili unaikimbiza hofu. Kwenye gofu unaipa muda wa kukaa na wewe. Feng hakuwa mpiga mbali kuliko wenzake. Nguvu yake ilikuwa usahihi na moyo mtulivu, mpira unakwenda anakotaka, naye anaufuata taratibu na suruali zake za madoadoa kama ya ng'ombe, ambazo mashabiki walizipenda na ambazo hakuna mwingine aliyethubutu kuzivaa. Mwezi uliofuata, huko Florida, alishinda pia mashindano ya kufunga msimu.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Malaysia mwaka 2014 na tena 2016. Japani kwenye mashindano ya Toto, miaka miwili mfululizo. Dubai mara nne, 2012, 2014, 2015 na 2016, mpaka uwanja wa Emirates ukawa kama wa nyumbani.

Sasa twende nyumbani kwake kwenyewe, ambako mambo yalikuwa yanageuka.

Serikali ya China ilikuwa imepiga marufuku viwanja vipya vya gofu tangu 2004, vilipokuwa chini ya 200. Marufuku haikushika. Viongozi wa mikoa na wenye makampuni ya ujenzi walivijenga kwa majina mengine, kama bustani au viwanja vya mapumziko, kwa sababu nyumba zinazopakana na uwanja huuzwa ghali. Idadi ikapanda zaidi ya mara tatu. Mashamba yaliliwa, maji yakanywewa na nyasi. Malalamiko ya wakulima yalikuwa ya haki, na hilo lazima lisemwe wazi: huwezi kumpenda mchezaji ukafumbia macho shamba la mtu. Oktoba 2015 Chama cha Kikomunisti kikawakataza wanachama wake, zaidi ya milioni 80, kumiliki kadi za klabu za gofu, kwa sababu fimbo ya gofu ilikuwa imegeuka njia ya rushwa. Miezi sita baadaye gazeti la nidhamu la chama likalazimika kufafanua kwamba kucheza gofu kwenyewe si kosa. Januari 2017 ukaguzi wa viwanja 683 ulimalizika kwa kufungwa viwanja 111. Ukitoa na vingine vilivyosimamishwa au kuondolewa, vilivyobaki vilikuwa 496.

Tarehe 13 Novemba ya mwaka huo huo wa 2017, siku chache baada ya kushinda Japani na kisha Hainan, Feng Shanshan alitangazwa namba moja wa dunia. Mchina wa kwanza, mwanamume au mwanamke.

Niliposoma tarehe hizo mbili kwa pamoja nililazimika kuziangalia tena. Mwaka mmoja, Januari nchi inafunga viwanja zaidi ya mia, Novemba binti wa nchi hiyo anakaa juu ya dunia kwa mchezo huo huo. Wapo wanaouona kama mkinzano wa kushangaza. Kwangu unaeleza tu kilichokuwa kinaendelea tangu mwanzo: Feng hakuwahi kuwa tunda la gofu ile ya nyumba za kifahari na kadi za wakubwa. Vile viwanja vilijengwa kwa ajili ya watu wa makamo wenye fedha, wala havikujengwa ili binti wa miaka kumi ajifunze. Vingeweza kufungwa vyote mia na kumi na moja bila kumpunguzia China bingwa mmoja.

Kilichomlinda ni Rio. Agosti 2016 gofu ya wanawake ilirudi Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1900. Inbee Park wa Korea Kusini alipata dhahabu, Lydia Ko wa New Zealand fedha, na Feng shaba, kwa mikwaju 10 chini ya kiwango. Waliolingana mkwaju mmoja nyuma yake walikuwa watatu, na mmoja wao, kwa mara nyingine, Stacy Lewis. Ukipima kwa vigezo vya gofu, shaba ni ndogo kuliko ubingwa wa 2012. Ukipima kwa vigezo vya China, shaba ile ni kubwa kuliko vyote alivyowahi kushinda, kwa sababu ndiyo iliyoingia kwenye hesabu ambazo wizara inazielewa. Mchezo uliokuwa unanukia rushwa ulipata medali. Afisa wa mkoa anayetaka kuwapa watoto kocha wa gofu sasa alikuwa na kitu cha kuweka mezani. Naamini siku zile nne za mikwaju kumi chini ya kiwango zilifanya kazi kubwa kuliko miaka yake mingine yote kwenye mchezo.

Ndipo tunarudi kwenye pengo.

Baada ya Feng mwaka 2012, mwanamke wa pili wa China bara kushinda shindano lolote la LPGA alikuwa Yin Ruoning, huko Los Angeles, Aprili 2023. Juni mwaka huo Yin akatwaa taji kubwa, na Septemba akawa namba moja wa dunia. Miaka 11 katikati, hakuna mwingine. Hoja ya wakosoaji inaishia hapo, na ikiishia hapo inasikika nzito.

Ila tuiangalie Korea Kusini, nchi ambayo kila mtu anaitaja kama mfano wa bingwa mmoja kuzaa kizazi. Se Ri Pak alishinda mashindano ya wazi ya Marekani ya wanawake Julai 1998. Inbee Park, aliyemtazama, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 10. Park alishinda mashindano hayo hayo mwaka 2008, akiwa na miaka 19. Ni miaka kumi. Yin alizaliwa mwaka 2002. Siku Feng anaingiza mpira wa mwisho kule Pittsford, Yin alikuwa na miaka tisa. Alishinda akiwa na miaka 20. Ni miaka kumi na moja. Korea ilikuwa na televisheni zilizorusha gofu kila wiki, na wazazi walioamka usiku kumtazama Pak. China ilikuwa inafunga viwanja. Tofauti ni mwaka mmoja.

Huwezi kumharakisha mtoto. Mfupa una muda wake, bega lina muda wake. Miaka ile 11 ambayo wakosoaji wanaiita pengo ilikuwa ni muda wa mtoto kukua tu, na mtoto alipomaliza kukua alishinda mara hiyo hiyo. Tena alishinda mashindano yale yale: ubingwa wa LPGA wa 2012 ndio uliobadilishwa jina mwaka 2015 na kuwa ubingwa wa PGA wa wanawake, na ndio Yin alioutwaa mwaka 2023 kwa mkwaju mmoja. Zawadi yake ilikuwa dola milioni 1.5. Feng alichukua dola 375,000 kwenye kombe lile lile. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na wanawake wa Asia waliolileta soko la Asia kwenye mchezo, wale wale ambao mwaka 2008 waliambiwa kwanza wapimwe ulimi.

Kama ningekuwa na neno la kumlaumu Feng, lingekuwa kwamba aliondoka mapema. Taji lake la mwisho la LPGA ni la Julai 2019, Wisconsin, mikwaju 29 chini ya kiwango, hesabu ambayo hata leo inashangaza. Janga la korona lilimfungia nyumbani mwaka 2020. Mwaka 2021 alirudi kwenye shindano kubwa huko California na kumaliza nafasi ya tatu kwa kulingana, utadhani alikuwa ametoka dukani tu. Kisha Olimpiki ya Tokyo, nafasi ya nane kwa kulingana. Tarehe 3 Agosti 2022, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 33, alitangaza kustaafu, akasema anataka kuwasaidia wachezaji wadogo wa nchi yake. Alikuwa ameshajikusanyia zaidi ya dola milioni 12 kwa zawadi za LPGA pekee. Shabiki ndani yangu alitaka aendelee hata miaka mitano. Lakini aliyeifanya ile hesabu ya miaka ya mtoto haoni ajabu: kila mwaka ambao angecheza yeye, ni mwaka ambao watoto wa nyuma wangemwona kwenye skrini badala ya kumwona kando yao.

Alikabidhiwa timu ya taifa kama kocha. Se Ri Pak alifanya hivyo hivyo. Kule Rio ndiye aliyekuwa kocha wa wanawake wa Korea wakati Park anachukua dhahabu. Na Rio hiyo hiyo, mwenzake Feng kwenye timu ya China alikuwa binti wa miaka 20 aitwaye Lin Xiyu, ambaye hakuna aliyemtazama sana siku zile.

Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Lydia Ko yuko mbele, na dhahabu inakwenda kwake. Wa pili ni Esther Henseleit wa Ujerumani, na hapa msomaji wa pwani atulie kidogo: Henseleit ndiye aliyeshinda mashindano ya wanawake ya Kenya pale Vipingo, Kilifi, Desemba 2019, kwenye mwinuko ule unaoiona bahari. Shaba inagombewa na watu wanne. Lin Xiyu, sasa ana miaka 28, anafika shimo la 18 akijua kwamba kumaliza kwa kiwango tu hakutampa shaba moja kwa moja, lazima apunguze mkwaju mmoja. Akapunguza. Mikwaju 7 chini ya kiwango, watatu waliobaki wakakaa kwenye 6. Shaba ya pili ya China katika gofu, kwa tofauti ile ile ya mkwaju mmoja ambayo Feng aliipata ya kwanza, na Feng mwenyewe akiwa kocha wake.

Huwa namkumbuka yule binti wa kwenye wavu, na mama yake na taulo. Kama nilimkadiria vizuri umri jioni ile, basi mwaka 2025 alitimiza miaka 17, umri ambao Feng alipanda ndege kwenda Hilton Head akiwa peke yake. Huyu, akitaka, anaye mtu wa kumpigia simu.